Langstroth: Jina lilibaki kwenye mzinga, fedha zikaenda kwa wengine

Anayenunua asali Tabora na kuivusha Namanga, au anayekusanya ndoo zake Kitui kwa ajili ya maduka ya mjini, amelisikia jina la Langstroth mara nyingi. Seremala hulitaja anapouliza mteja anataka mzinga wa aina gani. Maofisa ugani hulitaja kwenye mafunzo, na vikundi vya wafugaji nyuki huliandika kwenye maombi yao ya mikopo. Wengi hudhani ni jina la kiwanda au kampuni ya mbao.

Ni jina la mtu. Lorenzo Lorraine Langstroth alikuwa mchungaji na mwalimu wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1810 na kufariki mwaka 1895. Kabla yake, kupata asali nyingi kwa kawaida kulimaanisha kuua nyuki au kubomoa nyumba yao. Baada yake asali ikawa bidhaa inayoweza kuvunwa safi, kupimwa, kupakiwa na kusafirishwa mbali, na kundi lilelile la nyuki likabaki kufanya kazi msimu unaofuata.

Biashara hiyo iliwatajirisha wengi, lakini si yeye. Na mtu huyu ambaye jina lake limebandikwa kwenye sanduku la mbao alijua vizuri kwamba sanduku halitoi asali. Alipopata ardhi yake, aliijaza maua.

Mtoto aliyetoboa suruali

Langstroth alizaliwa Philadelphia, Desemba 25, 1810. Tangu utotoni alipenda kutazama wadudu, tabia ambayo haikuwafurahisha wazazi wake. Aliwahi kuchapwa kwa sababu suruali zake zilitoboka magotini, kutokana na kupiga magoti kwenye njia za kokoto akiwafuatilia sisimizi. Shuleni alitengeneza vizimba vidogo vya karatasi na kufungia nzi ndani yake. Mwalimu alivibomoa.

Alikuwa hodari wa masomo. Alihitimu Chuo cha Yale mwaka 1831, akasomea theolojia, na kati ya mwaka 1834 na 1836 alifundisha hisabati chuoni hapo. Mwaka 1836 akawa mchungaji wa kanisa moja mjini Andover, jimbo la Massachusetts, na mwaka huohuo akamwoa Anna Tucker, ambaye naye alikuwa mwalimu.

Wadudu walikuwa wamesahaulika. Walimrudia kiangazi cha mwaka 1838, alipomtembelea rafiki yake na kuona juu ya meza chombo cha kioo kilichojaa masega ya asali. Alipouliza yametoka wapi, rafiki yake alimpandisha kwenye chumba cha darini alikofuga nyuki. Langstroth alirudi nyumbani akiwa amenunua makundi mawili.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kushikamana na nyuki. Tangu ujana wake alisumbuliwa na maradhi ya akili ambayo leo madaktari wangeyaita sonona. Yalimjia kwa vipindi, yakamlaza kwa wiki au miezi, kisha yakamwachia. Kwa sababu hiyo hakudumu kwenye kazi moja. Aliacha uchungaji, akasimamia shule za wasichana, akarudi kwenye uchungaji mjini Greenfield mwaka 1843, akaacha tena mwaka 1848 na kuhamia Philadelphia, ambako alifungua shule ya wasichana. Kazi ya nje, kwenye hewa safi, ilimpa nafuu. Nyuki wakawa sehemu ya tiba yake.

Asali kwa moshi wa kiberiti

Wakati huo wafugaji wengi wa Marekani na Ulaya waliwaweka nyuki kwenye masanduku ya kawaida au vikapu vya majani makavu. Nyuki walijenga masega yao na kuyagandisha kwenye paa na kuta. Hapakuwa na njia ya kulitoa sega moja bila kulikata.

Mwisho wa msimu mfugaji aliipima mizinga kwa kuinyanyua. Mizito ilikuwa na asali ya kuvuna. Myepesi haikuwa na chakula cha kutosha kuwafikisha nyuki mwisho wa majira ya baridi. Mara nyingi yote ilimalizwa kwa namna moja: shimo lilichimbwa, unga wa kiberiti ukawashwa ndani yake, mzinga ukawekwa juu, nyuki wakafa. Masega yalikatwa na kukamuliwa, na mara nyingi asali ikachanganyika na chavua na majana.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kununua ndoo ya asali yenye vipande vya masega na majana analijua tatizo hilo. Asali ya namna hiyo huchacha upesi, bei yake hushuka, na mnunuzi wa mjini huikataa. Lakini hasara ya mfugaji ilikuwa kubwa zaidi. Kila mavuno yaliua wafanyakazi waliomletea mavuno hayo.

Wapo waliojaribu kuondoka kwenye hali hiyo kabla ya Langstroth. François Huber wa Geneva, mtafiti aliyekuwa kipofu na kufanya uchunguzi wake kwa macho ya msaidizi wake, alitengeneza mzinga uliofunguka kama kurasa za kitabu. Ulifaa kwa utafiti kuliko kwa uzalishaji. Katika eneo la Silesia, padri Jan Dzierżon alitumia vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya mzinga ili kila kimoja kibebe sega lake. Huo ulikuwa mwendo mkubwa, lakini nyuki waliendelea kuyagandisha masega kwenye kuta za pembeni, na mfugaji alilazimika kuyakata kwa kisu kila alipotaka kuyatoa.

Nafasi isiyofika sentimita moja

Langstroth naye alitumia vipande vya mbao vya juu, na tatizo lake la kwanza lilikuwa dogo na la kuudhi. Nyuki walikigandisha kifuniko cha mzinga kwa gundi yao, na kila alipokifungua ilibidi akibandue kwa nguvu. Nyuki walikasirika, naye akaumwa.

Kiangazi cha mwaka 1851 alishusha vile vipande vya mbao kidogo, ukabaki upenyo kati yake na kifuniko. Upenyo huo ulikuwa thumuni tatu za inchi, yaani karibu milimita 9 na nusu. Nyuki waliuacha wazi. Hawakuuziba kwa gundi, hawakujenga sega ndani yake. Waliutumia kama njia ya kupita.

Oktoba 30, 1851, akirejea nyumbani kutoka kwenye mizinga yake nje kidogo ya Philadelphia, alipata jibu la swali lililobaki. Kama nyuki huuheshimu upenyo huo juu ya masega, watauheshimu pia pembeni na chini. Kilichohitajika ni kuliweka kila sega ndani ya fremu ya mbao, na kuiacha fremu hiyo ining'inie kwenye mzinga bila kugusa ukuta, ikiwa na upenyo huohuo pande zote. Fremu ingetoka na kurudi kama faili kwenye droo. Hakuna kisu, hakuna sega lililovunjika.

Siri yote ni kipimo. Upenyo ukiwa mwembamba mno kwa nyuki kupita, huuziba kwa gundi. Ukiwa mpana kupita kiasi, hujenga sega. Kati ya hapo, kwenye milimita 6 hadi 9 hivi, huuacha kama barabara. Nyuki walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Langstroth alikuwa mtu aliyeitambua kanuni hiyo na kujenga nyumba nzima kuizunguka.

Henry Bourquin, fundi wa samani wa Philadelphia aliyekuwa mfugaji nyuki pia, alimtengenezea mizinga ya kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka 1852 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya 100. Oktoba 5, 1852, serikali ya Marekani ilimpa Langstroth hataza namba 9300, yaani haki ya kisheria ya kuwa mmiliki pekee wa ubunifu huo kwa miaka 14.

Kitabu kilichoandikwa kwa mikono miwili

Mwaka huohuo wa 1852 alitembelewa na Samuel Wagner wa Pennsylvania, aliyekuwa ametafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Dzierżon na alikuwa akijiandaa kukichapisha. Wagner aliiona mizinga ya Langstroth, akaona kwamba mbinu hii imeipita ile ya Silesia, akaiweka tafsiri yake kando. Badala ya kushindana, alimhimiza Langstroth aandike kitabu chake mwenyewe na kumpa maarifa yaliyomo kwenye tafsiri hiyo. Wawili hao walibaki marafiki, na mwaka 1861 Wagner akawa mhariri wa kwanza wa American Bee Journal, jarida la wafugaji nyuki la Marekani.

Maradhi yalikuwa yamemrudia Langstroth. Aliifunga shule yake na kwenda kukaa Greenfield kwa dada yake, na Anna akabaki Philadelphia akifundisha ili familia ipate kula. Langstroth aliandika kwa hati mbaya iliyosomeka kwa shida. Aliituma miswada kwa mkewe kurasa chache chache, naye Anna, akishamaliza kazi ya darasani, aliinakili kwa hati safi kwa ajili ya mchapishaji. Kitabu kilitoka mwaka 1853 kikiwa na jina moja tu kwenye jalada.

Hakikuwa tangazo la mzinga. Kilieleza maisha ya nyuki, maadui wao, chakula chao, namna ya kugawa makundi na namna ya kuwahudumia bila kuwatibua. Kinaendelea kuchapishwa hadi leo, baada ya kupitiwa upya na wengine mara nyingi.

Hataza isiyolipa

Kwa mfanyabiashara, sehemu inayofuata ndiyo inayoumiza. Langstroth alikuwa na bidhaa bora kuliko zote sokoni na karatasi ya serikali inayosema ni yake, lakini hakunufaika ipasavyo.

Sababu ya kwanza ilikuwa urahisi wa bidhaa yenyewe. Yeyote mwenye msumeno, mbao na rula angeweza kuitengeneza baada ya kuiona mara moja. Waigaji walienea majimboni. Wengine waliunakili mzinga jinsi ulivyo, wengine walibadilisha kitu kidogo na kuuza kwa jina lao.

Sababu ya pili ilikuwa mtaji. Langstroth hakuwa nao. Aliuza sehemu za haki yake mapema, ikiwamo haki ya majimbo ya magharibi, na fedha nyingine zikaenda kwa mawakili. Wapinzani walidai mahakamani kwamba watu wa Ulaya walishatengeneza mizinga ya fremu kabla yake, na ilibidi ukusanywe ushahidi kutoka ng'ambo. Hataza iliongezwa muda kwa miaka 7 mwaka 1866, ikaisha kabla haijamlipa gharama zake.

Sababu ya tatu ilikuwa afya. Kesi haimsubiri mgonjwa. Vilipomjia vipindi vya sonona hakuweza kuandika barua, kukutana na wakili wala kuwakagua mawakala wake. Hali ilifikia mahali hakuvumilia kuona chochote kinachomkumbusha nyuki. Hata herufi B, inayoanza neno la nyuki kwa Kiingereza, ilimsumbua akiiona kwenye vitabu. Alijipoza kwa kucheza sataranji. Siku moja giza lilipotoweka, alirudi kwenye mizinga kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Ekari 10 za maua

Mwaka 1858 familia ilihamia Oxford, mji mdogo katika jimbo la Ohio, kwenye nyumba ya matofali yenye ekari 10. Kwa mara ya kwanza Langstroth alikuwa na ardhi ya kutosha kufanya alichokiandika.

Alianza na chakula cha nyuki. Kando ya njia alipanda mstari wa miti ya linden, ambayo maua yake ya kiangazi hutoa mbochi mwingi. Alipanda bustani ya matofaa, inayochanua mapema msimu unapoanza. Alipanda klova, mmea mdogo wa malisho unaochanua kwa muda mrefu, na shamba la ngano nyeusi, inayochanua baadaye. Karibu na nyumba alitenga kipande alichokiita Bustani ya Asali na kukijaza maua.

Ukiupanga upandaji huo kwa kalenda, unaona hesabu yake. Tofaa huanza, klova na linden hufuata, ngano nyeusi humalizia. Kundi la nyuki haliishi kwa wiki mbili za maua mengi na miezi mitatu ya njaa. Linahitaji mfululizo. Kila pengo kati ya maua na maua linaliwa kutoka kwenye asali iliyokwisha wekwa, au linawafanya nyuki wahame.

Matofaa nayo yalifaidika. Nyuki akitafuta mbochi hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, na mti uliotembelewa vizuri huzaa zaidi. Kwa hiyo ekari zilezile zilitoa asali na matunda.

Huko Marekani kwenyewe si wote walioifanya hesabu hiyo. Misitu yenye miti ya aina hiyo ilikatwa kwa ajili ya mbao, na sehemu ya mbao hizo ilitengeneza visanduku vyepesi vya kuuzia masega ya asali. Biashara ya asali ikawa inakata mti uliokuwa ukiilisha.

Malkia wa dola 20

Oxford pia ilikuwa mahali pa biashara moja iliyompa Langstroth kipato. Wafugaji wa Marekani walikuwa wamesikia sifa za nyuki wa Italia, wenye rangi ya dhahabu, wapole na wachapa kazi kuliko nyuki weusi waliozoeleka huko. Majaribio ya kwanza ya kuwavusha Bahari ya Atlantiki, ambayo Wagner alishiriki, yalishindwa kwa sababu walifia melini. Mwaka 1859 na 1860 shehena zilifika na nyuki hai.

Langstroth na mwanawe James walianza kuzalisha malkia wa Kiitalia na kuwauza, hadi dola 20 kwa malkia mmoja, fedha nyingi kwa wakati huo. Mteja aliyempokea malkia alimweka kwenye kundi lake, na baada ya miezi michache nyuki wote wa mzinga huo walikuwa watoto wa malkia mpya. Mzinga wa fremu ndio uliowezesha kazi hiyo, kwa kuwa mfugaji aliweza kufungua, kumtafuta malkia wa zamani na kumwondoa bila kuvunja kitu.

Kipindi hicho hakikudumu. James alifariki mwaka 1870. Anna, aliyefundisha ili wale na kunakili kitabu usiku, alifariki mwanzoni mwa mwaka 1873. Mwaka uliofuata Langstroth, mgonjwa na akiwa amebaki peke yake kwenye kazi, aliuza nyuki wake.

Kutoka zao la bahati hadi bidhaa

Huku maisha yake yakififia, kazi yake ilikuwa ikikua mikononi mwa wengine. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring alitengeneza karatasi za nta zenye chapa ya vijumba, ambazo nyuki hujengea sega lililonyooka ndani ya fremu. Mwaka 1865 Franz Hruschka alionyesha mashine ya kukamulia asali kwa kuzungusha. Fremu huingizwa kwenye pipa, huzungushwa kwa kasi, asali hurushwa nje, na sega tupu hurudishwa kwenye mzinga likiwa zima.

Faida ya jambo la mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa makadirio yanayotumika mara nyingi, nyuki hutumia kati ya kilo 6 na 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Sega linalorudishwa ni asali ambayo haikuliwa. Mashine ya Hruschka isingefaa kitu bila fremu inayotoka nzima.

Kuanzia hapo zilipatikana asali safi isiyo na majana, uzito unaotabirika na mizinga inayolingana vipimo hivi kwamba fremu ya huyu huingia kwenye mzinga wa yule. Mfugaji mmoja aliweza kusimamia mamia ya mizinga. Masoko ya miji mikubwa yalianza kupokea asali kwa mapipa.

Mzinga wavuka bahari

Mzinga huo ulisambaa duniani na kufika Afrika Mashariki, ambako ulikuta ufugaji wenye historia yake. Wanyamwezi, Wakamba, Wapokot na jamii nyingine walikuwa wakitundika mizinga ya magogo na magome mitini vizazi vingi kabla. Tanzania, inayotajwa kuwa ya pili kwa uzalishaji wa asali barani baada ya Ethiopia, bado hupata sehemu kubwa ya asali yake kwenye mizinga ya aina hiyo. Kenya nayo, kuanzia miaka ya 1970, ilieneza mzinga wenye vipande vya mbao juu, unaojulikana kwa kifupi kama KTBH, ambao ni rahisi kutengeneza na hauhitaji fremu.

Mzinga wa Langstroth haukuja na nyuki wake. Nyuki wa huku ni mdogo kuliko wa Ulaya, na masega yake hukaa karibu zaidi. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine ni karibu milimita 32, wakati kwa nyuki wa Ulaya ni karibu milimita 35. Seremala anayenakili mzinga bila kupima anarudia kosa ambalo ugunduzi wa mwaka 1851 ulikuja kulimaliza. Tena nyuki wa huku hahitaji sababu nyingi za kuhama. Akisumbuliwa, au maua yakiisha, huondoka na kuacha sanduku tupu.

Hapo ndipo ekari 10 za Oxford zinapokutana na biashara ya mipakani. Asali ya Tabora, Katavi na Kigoma hutoka kwenye maua ya miombo. Ya Baringo na Pokot Magharibi hutegemea sana migunga. Miombo hukatwa kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, na migunga huchomwa mkaa vilevile. Mti unaokatwa leo hauonekani kwenye bei ya ndoo ya wiki hii. Huonekana baada ya misimu kadhaa, pale mnunuzi anapolazimika kuingia ndani zaidi, kulipa nauli zaidi na kurudi na mzigo mdogo.

Hasara hiyo haiishii kwenye asali. Alizeti, tikiti maji, parachichi na kahawa, mazao yanayovuka Namanga, Mutukula na Kabanga kwa malori, huzaa vizuri zaidi yanapotembelewa na nyuki. Mchuuzi wa tikiti ambaye hajawahi kugusa mzinga bado anauza kazi ya nyuki.

Siku ya mwisho Dayton

Mwaka 1887 Langstroth alihamia mji wa Dayton, Ohio, kuishi na binti yake. Kitabu chake kilikuwa kimepitwa na mambo mapya, naye hakuwa na nguvu za kukirekebisha. Kazi hiyo ilichukuliwa na Charles Dadant, Mfaransa aliyehamia Illinois, pamoja na mwanawe. Toleo lao lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1880, na wakaliacha jina la Langstroth mahali pake.

Jumapili, Oktoba 6, 1895, mzee huyo wa miaka 84 alialikwa kuhubiri katika kanisa moja la mji huo. Aliomba radhi kwa kuzungumza akiwa ameketi, kwa sababu ya udhaifu. Alianza kuzungumza juu ya upendo wa Mungu, na maneno yakakatika. Alifariki palepale, mbele ya waumini.

Amezikwa katika makaburi ya Woodland mjini humo. Jiwe lililo juu ya kaburi lake liligharamiwa na wafugaji nyuki, na maandishi yake yanakiri wazi kwamba waliolisimamisha ni watu walionufaika na kazi yake. Nyumba ya Oxford imehifadhiwa kama mahali pa kumbukumbu ya taifa, ndani ya eneo la chuo kikuu kilichouzunguka uliokuwa uwanja wake.

Sanduku lake limeigwa katika nchi nyingi, na mtu yeyote leo anaweza kulichonga bila kumlipa mtu. Bustani ya ekari 10 haikuwa na hataza tangu mwanzo, wala hapakuwa na kesi juu yake. Ndiyo sehemu ya kazi yake iliyoigwa na wachache zaidi.